Maviatu ya Theluji Yamenitia Aibu Kariakoo

Shoga Amira, nimeaibika leo, sijui kesho nitaingiaje Kariakoo!

Yale maviatu ya plastiki yaliyokuja na mzigo wa mitumba, ya kutelezea kwenye theluji, leo yamepata mteja! Kaka mmoja anaitwa Shomari. Anasoma Austria, na huko anashindana kuteleza.

Akauliza, "Dada, ni vigumu au laini?"

Mimi na kiherehere changu: "Laini kaka, kama ndala!"

Kama ndala!! Nimesema mimi kwa mdomo wangu.

Akaviweka chini. "Basi havinifai. Ski zangu za mashindano, zile mbao za kutelezea, ni ngumu. Ukizivalia kiatu laini, mguu unapinda na mbao hazigeuki."

Nikageuza maneno palepale. "Nilikuwa nakutania kaka, hivi ni jiwe!"

"Haya, vaa tuone."

Na mimi nikavaa! Nikafunga vibano vyote. Akaniambia nikunje magoti, niegemee mbele. Shoga, kiatu hakikupinda hata kidogo. Nikaanguka mzimamzima kwenye meza ya sidiria ya jirani yangu Mama Zamda!

Mama Zamda kanishika makwapani, Shomari anavuta miguu, kichochoro kizima kinacheka.

Vilipotoka, akanionyesha kisigino. "Kipimo cha ugumu hiki hapa, 130, yaani vigumu kabisa. Nilikiona tangu nafika."

ALIKIONA TANGU ANAFIKA!!

Nikamuuliza, sasa kunivalisha kulikuwa kwa nini? Akacheka tu, akalipia viatu, akaniomba namba ya simu.

Nimempa. Tena ile ya kweli.