Pumzi Ambazo Redio Haikutuletea

Mwanangu Mafuru,

Marahaba. Naitika mapema kwa sababu najua ungeanza na shikamoo, hukuwahi kuniruka hata siku moja. Mimi mama yako nipo, natembea, nakula kidogo. Baba yako yupo, mguu bado unamvimba, anashinda pale nje kwenye kiti chako cha plastiki na hataki mtu mwingine akikalie. Bibi yako yupo kitandani vilevile, sauti imezidi kuwa ndogo, akiomba maji mpaka uiname ndipo usikie. Dada yako Neema amerudi shule Nansio. Kwanza alikataa, baba yako akamwambia, kaka yako angekuchapa, basi akabeba begi akaenda analia. Baba yako mkubwa Magesa yupo, huyo nitamfikia. Shangazi zako wameshaondoka na watoto wao. Mbwa wako siku za meli bado anakwenda gatini, ananusa watu wanaoshuka, halafu anarudi. Hao ndio wote. Wanakusalimu, hata wale wasiojua kama nakuandikia.

Naandika polepole, unanijua, shule yangu iliishia darasa la nne na mkono umezoea jembe. Lakini kuna jambo limetokea tangu tukuzike na sina wa kumwambia isipokuwa wewe, maana ni la kwako.

Unajua tulivyokuwa tunakusikiliza. Jioni simu ya Neema inawekwa ndani ya sufuria tupu ili itoe sauti kubwa, majirani wanakuja na vigoda vyao, watoto wanafukuzwa wasipige kelele. Redio yako hiyo ya mtandaoni, wewe peke yako kwenye chumba cha kupanga kule Igoma mjini, unawaambia watu wa kisiwa walioko Dar na Arabuni na wapi huko nani amefariki nyumbani, nani amejifungua, ziwa limeamkaje, mihogo imetokaje. Na sauti ile! Nzito, imejaa, kama ya mtu aliyekula akashiba akapumzika. Nilikuwa nawaambia wenzangu kisimani, mwanangu mjini amenenepa. Ulisema kamera ya simu imevunjika, nikakubali. Ulisema Pasaka kazi ni nyingi huwezi kuvuka, nikakubali pia. Mtu mwenye sauti kama ile ungemuuliza nini?

Jumapili tukakusikia. Alhamisi wakapiga simu kwamba umekufa.

Daktari alimwambia baba yako kwamba moyo wako ulikuwa umechoka muda mrefu, na mapafu yalijaa maji, na ulichelewa kwenda. Magesa akacheka kwa hasira. "Muda mrefu upi? Juzi nimemsikia kwa masikio yangu anaunguruma kama injini ya boti. Huyu mtoto amelishwa kitu." Na aliyekuwa anakulisha ni nani? Ni Mama Koku, mwenye nyumba wako, yule mjane anayeuza chakula. Basi wakaishika hiyo hiyo. Maskini mama wa watu alikuja na mwili wako kwenye meli, amekaa ubavuni mwa jeneza safari nzima, kumbe kufika gatini Magesa akamrudisha kwenye meli ileile mbele ya watu wote. Mimi nilikuwa nimezimia, nimebebwa, sikujua. Nimekuja kuambiwa baadaye. Vijana wa ukoo walioko mjini wakaenda kumvunjia masufuria yake na meza zake. Na ikasemwa wazi kwamba tukishamaliza matanga, wanaume watavuka kwenda Igoma kumtoa kwenye ile nyumba. Kumtoa, wewe unajua maana yake. Mtu anatolewa na moto.

Hapo ndipo rafiki yako Deo alipofika, matanga yamekaribia. Watu wako wa mbali walikuwa wamemwomba sana, wanataka wafuatilie ibada kwenye redio yako. Kompyuta yako ilikataa kuwaka. Akaichomoa diski yake, mambo uliyorekodi akayahamishia kwenye kompyuta ya kwake, lakini ile programu ya kurekebisha sauti ikabidi aiweke upya, aanze mwanzo. Akakaa sebuleni, nyaya mpaka mlangoni, baba yako akazivuka kwa taabu na mguu wake.

Deo akasema anahitaji kwanza sauti yako ikiwa mbichi, vile maiki ilivyoikamata kabla haijapita kwenye programu, ili aipange ifanane na ulivyokuwa umeipanga wewe. "Mama, kama utaumia kaa nje kidogo." Sikutoka.

Akabonyeza.

Mafuru. Mafuru mwanangu jamani.

Ilikuwa ile ile ya Jumapili. Maneno ni yale yale tuliyoyasikia kwenye sufuria, "Ndugu zangu mlio mbali na ziwa." Lakini sauti ndogo! Kisauti kama cha bibi yako. Na kila baada ya maneno mawili matatu unahema, unahema kama mtu anayepanda mlima na ndoo kichwani. Halafu kikohozi, kile chenye maji. Halafu kimya, nikasema sasa ameanguka, halafu unaanza tena unasoma salamu, na unatabasamu. Mama anajua mtoto akiongea huku anatabasamu.

Kisha nikasikia mwanamke, yuko mbali kidogo, kama mlangoni. "Mafuru baba, acha hiyo mashine twende hospitali. Bajaji nimeshaiita, ipo nje." Na wewe unanong'ona, "Ngoja nimalize, Mama Koku. Mama ananisikiliza."

Nilikaa chini pale pale kwenye nyaya.

Deo naye alikuwa analia. Baadaye akanielewesha, na mimi nilitaka kuelewa, nikamwambia nieleze kama unamweleza mtoto. Akasema kuna sehemu inanyanyua sauti iliyo ndogo na kukandamiza iliyo kubwa, zote zitoke sawa. Kuna nyingine inaipa sauti kifua. Na kuna ya tatu, hiyo alisema ni kama mlango. Ukisema unafunguka, ukinyamaza unajifunga, chochote kilicho kidogo kinabaki nje. Pumzi zako zilibaki nje. Kikohozi ulikigeuzia uso ukutani, nacho kikabaki nje. Yule mama na bajaji yake akabaki nje. "Alikuwa ananipigia," Deo akasema, "ananiuliza auongezeje ule mlango, eti jirani ana mashine ya kusaga inamsumbua." Nikamuuliza, ipo? Akasema hapana Mama, pale hakuna mashine ya kusaga.

Siku ya matanga nikasimama. Mimi, ambaye kwenye kikao cha wanaume hata kikombe naweka chini nikiwa nimepiga goti. Nilijifunga kanga kiunoni nikamwambia Deo awashe, zote mbili, ile ya redio na ile mbichi. Watu wakainamisha vichwa. Nikadhani imekwisha.

Magesa akasema, "Shemeji, pole. Lakini kama mashine inaweza kuiponya sauti, inaweza na kuiuguza. Huyu kijana ameitengeneza. Yule mama amemtuma."

Na watu wengine wakaitikia, ndiyo, hilo nalo neno. Niliona inanitoroka mikononi. Naona moto kule Igoma kabisa. Ndipo nikakumbuka nani ndani ya nyumba hii hawezi kudanganya sauti. Nikamwambia Deo, peleka maiki kwa Bibi.

Wanaume wakabaki nje, wamefungua redio yako kwenye simu zao. Deo akampelekea bibi yako maiki kitandani, sauti ipite kwenye programu kama ulivyokuwa umeipanga wewe, nikamwinamia nikamwambia, Mama, sema na Magesa. Basi kule nje, Mafuru, kwenye kila simu ikatoka sauti kama ya balozi wa nyumba kumi anaita mkutano. "Magesa! Wewe! Umekaa kiti cha mbele unakula nyama, mama yako hajaletewa hata mchuzi!"

Watu walicheka msibani. Hata baba yako meno yalionekana. Mzee mmoja alishtuka akaiangusha simu kwenye sahani.

Kisha akaendelea. "Mnanisikia mimi hapo? Mimi ambaye naomba maji nusu siku? Basi na mjukuu wangu alikuwa anakufa hivi hivi, na nyie mnamsifia sauti. Mwacheni yule mama wa watu."

Hakuna aliyecheka tena. Magesa akanyanyuka, akaingia ndani, akamwinamia mama yake mpaka sikio likagusa mdomo. Sijui Bibi alimwambia nini, sikusikia, hakuna aliyeweza kusikia. Akatoka, akavua kofia, akasema, "Hatuendi." Akakaa. Samahani hakuniomba mimi wala yeyote. Lakini hawakwenda.

Ningekuandikia kwamba tumepona, ningekuwa nakudanganya. Baba yako alimwomba Deo ampe ile mbichi aisikilize peke yake, akaenda nayo kule kwenye michungwa. Hajaniambia alivyoisikia, nami sijamuuliza. Mimi siku hizi mtu akinipigia simu simsikilizi maneno, nasikiliza kati ya maneno. Neema juzi alipiga, alikuwa amekimbia kuwahi simu, anahema, nikapiga kelele mpaka mwalimu wake akaichukua ile simu kunituliza.

Redio yako ipo. Deo anaifungua Jumapili, Neema anasoma salamu akiwa likizo. Nimemwambia Deo sauti anyanyue akitaka, lakini ule mlango auache wazi, na kama watu wa Arabuni watasikia kuku wetu basi wasikie kuku.

Mama Koku hapokei simu. Deo anasema nyumba yake ina kufuli na majirani hawasemi alipo. Kwa hiyo nakuahidi hivi, mwanangu. Nitavuka na meli ya kwanza mguu wa baba yako ukipungua, nitakaa pale mlangoni kwake mpaka mtu anionee huruma aniambie amekwenda wapi, iwe Usagara, iwe Bukoba kwao, nitafika. Nitampigia magoti. Na akikubali nitakuja naye hapa kaburini, akae upande wa kichwa, mimi nitakaa miguuni. Yeye ndiye aliyezisikia zile pumzi.

Lala, baba yangu. Mimi sijakasirika. Nimeumia, ni kitu kingine.

Ila nakuomba unijibu, na usichelewe, maana mimi nasubiri vibaya, unanijua. Uje hata kwa ndoto, hata neno moja tu. Lakini ukija usinijie na ile sauti ya redio. Njoo unahema hivyo hivyo, mama yako nikusikie.

Ni mimi mama yako,
Mama Mafuru