Kadi Mbili, Jina Moja, Bei Moja

Jumamosi, alasiri. Mvua ya asubuhi imekatika na Ukunda nzima inafuka mvuke. Nina wivu. Naliandika hilo mwanzoni ili nisije nikalizungukazunguka.

Mume wangu Salim ana wake wawili. Mimi ndiye wa kwanza. Naishi hapa Ukunda, na baada ya miaka ishirini ya kuripoti sasa natengeneza makala za video na kuzihariri mwenyewe. Mwanaidi ndiye wa pili. Anaishi Msambweni na kazi yake ni kuchora nyumba kwa kompyuta. Salim anauza saruji na mabati, lakini kitu anachokichunga kuliko duka lake ni usawa. Akininunulia leso, mwenzangu naye anapata leso. Akileta samaki huku, kule anapeleka wa uzito uleule.

Wiki mbili zilizopita alitununulia kadi za michoro. Ni kile kipande cha ndani ya kompyuta kinachobeba kazi ya picha, ambacho vijana wa mjini hukiita GPU. Mashine zetu zote mbili zilikuwa zimechoka. Alituita sebuleni kwangu, akaweka maboksi mawili mezani.

"Jina moja, bei moja," alisema. "Miye sitaki kufufuliwa Siku ya Kiyama ubavu mmoja umepinda kwa kumpendelea mke mmoja."

Mwanaidi akanigeukia. "Chagua, dada. Wewe ndiwe mkubwa."

Nikachagua. Boksi moja lilikuwa refu, lina picha ya feni tatu na taa za rangi. La pili lilikuwa fupi, feni mbili, halina madoido yoyote. Nikachukua refu. Maandishi ya ubavuni sikuyasoma.

Mimi, ninayewafokea waandishi wachanga kwa kutosoma waraka hadi mwisho.

Nina makala ya dakika arobaini kuhusu visima vya Mwabungo vilivyoingia chumvi, na inatakiwa Jumatatu. Wiki nzima kompyuta imekuwa ikiitoa kama faili moja la video hadi asilimia arobaini na moja, kisha inasimama na kuandika kwamba memori haitoshi. Siku ya Alhamisi Salim alikuja akitokea Msambweni, akakaa, akanywa chai, akasema, "Mwenzio anasema yake inateleza kama maji." Hakukusudia ubaya. Chai yangu ilinishinda kuimaliza.

Ndipo nilipolitoa boksi langu chini ya kitanda na kulisoma. Memori: gigabaiti nane.

Leo asubuhi nilikwenda Msambweni na kadi yangu nimeizungushia taulo ndani ya mkoba. Nilimwambia Mwanaidi nataka kuzilinganisha kadi zetu kwa ajili ya blogu yangu. Akafurahi, akanionyesha meza yake, kisha akaingia jikoni. Boksi lake lilikuwa juu ya kabati. Kumi na sita.

Jina moja, bei moja. Mimi nililipiwa feni na taa, yeye akalipiwa memori.

Nilizipima zote mbili kwenye kompyuta yake, moja baada ya nyingine, ili asije mtu akasema tofauti ni ya mashine. Kwa kipande cha dakika tano, kadi yangu ilimaliza kwa dakika tatu na sekunde arobaini, yake ikachukua tatu na hamsini. Yangu pia ilipoa zaidi, nyuzi sitini na moja kwa sitini na nane. Nakiri nilitabasamu. Kisha nikaweka makala nzima, pamoja na kazi ya kusafisha chembechembe kwenye picha za jioni. Yangu ilifia palepale pa kila siku. Yake ilimaliza kwa dakika ishirini na sita.

Mwisho nilifungua mchoro wake mwenyewe: nyumba sita za wageni za huko Tiwi, na miti, na samani, na maji ya bwawa. Wenyewe wanakuja Jumatatu kuziona zikizunguka kwenye skrini. Kwa kadi yangu, picha ilikwenda kwa kukwama, kama mzee apandaye ngazi. Kwa yake, ilitumia gigabaiti kumi na mbili na ikazunguka bila kushtuka.

Kwa kazi ndogo zinalingana. Kwa kazi kubwa, yangu ni pambo.

Mwanaidi akatoka na mbaazi na mahamri. "Haya, mwanahabari wetu, ipi imeshinda?"

"Zinakaribiana," nikasema.

"Zinakaribiana?"

"Tofauti ni sekunde kumi tu."

Akacheka. "Basi tubadilishane. Yako ina taa, nami napenda vya kumeremeta. Ama utaona uchungu?"

"Uchungu wa nini? Chukua."

Katika miaka ishirini sijawahi kuficha kipimo nilichokipima kwa mkono wangu. Nimewaandika madiwani, nimemwandika binamu yangu, na hakuna niliyempunguzia. Leo nilimficha mke mwenzangu, nikala mahamri yake manne, nikashika bisibisi na kuifunga kadi hafifu kwenye mashine yake, nikijua Jumatatu ana wageni. Niliikaza kila skrubu vizuri. Hata katika kuiba nina utaratibu.

Nilipofika nyumbani niliiweka yake. Makala imetoka yote, na nimeshaituma. Nilikaa nikaitazama skrini, nikasubiri furaha, haikuja. Nikaswali alasiri, kisha nikamwandikia Mwanaidi ukweli wote: nane na kumi na sita, asilimia arobaini na moja, nyumba za Tiwi. Sikuweka visingizio.

Jibu lilikuja haraka.

"Najua, dada. Nilisoma boksi siku ileile, kabla hujachagua. Sikuweza kukusahihisha mbele ya mume wetu. Kisha nikaona raha kukaa kimya, na raha hiyo imenisumbua. Ndiyo maana nilitaka tubadilishane. Wa Tiwi nitawaonyesha picha za kusimama. Makala yako imetoka?"

Nimelisoma mara nne. Alijua nilipokuwa nikimwambia sekunde kumi. Alinitazama nikidanganya, akaniongezea mbaazi.

Nilikwenda Msambweni nikimwonea wivu kwa gigabaiti nane za ziada. Sasa ninazo, na wivu umekuwa mkubwa zaidi. Alikosa, akaliona kosa lake mwenyewe, akaliponya kwa mzaha ili mimi nisiaibike. Mimi nilihitaji vipimo vitatu na swala moja.

Nimemjibu kwamba kesho asubuhi naileta kadi yake, aache bwawa lake lizunguke. Na niandike hili pia, kwa kuwa ni kweli: nimekuwa mkarimu baada ya kazi yangu kwisha.

Sijui kama kesho naenda kumrudishia haki yake, au naenda kumzuia tu asiwe mwema kuliko mimi.