Amana ya Vidonge vya Mama

Mwabungo,
Diani.
9 Septemba, 1973

Mpendwa Kaka Boga,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Natumai wewe, wifi yangu Kanze na watoto hamjambo huko Kisumu. Sisi tungali hai, alhamdulillahi.

Kaka, mama ameanguka. Yu hai, lakini upande wa kulia hauna nguvu, na kauli imepotea.

Wajua alikuwa akimeza vidonge vya kuzuia damu isigande, kwa ajili ya moyo wake. Mwezi uliopita akaanza kupata choo cheusi. Daktari wa Mombasa akasema atamtia mpira wenye taa kooni mpaka tumboni, akate kinyama kidogo akipime. Vidonge aviache siku tano kabla, asije akatoka damu nyingi, kisha avirudie baada ya kipimo.

Wamjua mama, chupa ikiwa karibu atameza kwa mazoea. Nikaiweka amana kwa Shangazi Mbeyu, kwa sharti asiirudishe mpaka kipimo kipite.

Siku ilipofika tukaambiwa taa ya mpira imeharibika, turudi wiki ijayo. Habari ya vidonge sikuuliza. Niliona haya kumrudia daktari kwa jambo alilokwisha kulisema. Mama mwenyewe alivitaka, na shangazi akamjibu kwa upole, "Wifi, amana ina sharti lake, na kipimo hakijapita." Wakacheka wote wawili. Mimi nilikuwapo, nakuna nazi.

Siku ya kumi na moja bila dawa, mama akaanguka akianika mpunga. Daktari alisema damu imeganda ikaziba mshipa wa kichwani. Akaniuliza kwa nini hatukurudi kumwuliza.

Watu wananiambia majuto ni mjukuu. Mimi sioni majuto wala mjukuu. Napika uji, namgeuza mama, nafua. Machozi hayaji.

Shangazi huja kila asubuhi, hukaa miguuni pa mama akimwomba radhi. Mama humtazama tu. Juzi shangazi akanigeukia mimi, "Mwanangu, basi niridhie wewe." Nikaendelea kukunja nguo. Sharti lile nililiweka mimi, kaka. Shangazi anajua, wala hajalitaja mbele ya mtu hata mara moja.

Njoo, mama angali anatutambua. Msalimie wifi Kanze, na unibusie Rai na Sidi. Mola akufikishe kwetu salama.

Nduguyo akupendaye,
Mwanaima