Shamba ya Papa, Nyuma ya Nyumba

Kisangani, Mangobo, tarehe 15 Januari 1956

Papa yangu mupenzi,

Salamu mingi kutoka kwangu na kwa bwana yangu Emile. Unaamuka namna gani? Goti inakusumbua bado? Sisi huku tuko wazima. Mutoto Colette tu alipata mafua, lakini sasa anapiga kelele tena, donc amepona.

Papa, tulihama! Kazini bamemupa Emile nyumba huku mwisho kabisa ya Mangobo. Vyumba tatu, bati juu, sementi chini. Mbele iko muzuri. Nyuma, aïe, Papa! Nyuma ni pori. Majani inanipita kichwa. Tulianza kukata, tukakuta sufuria ya mutu, gurudumu ya baiskeli, na kuku ya jirani analalia mayai yake mule, anatutazama kama ni sisi tumeingia kwake. Pori ikiisha, ni shamba ya mpunga ya Papa Abdulhamid, muzee Muislamu, baba yake alitokaka Maniema. Anapita na kofia yake, anasalimu polepole, anaenda.

Sasa nisikilize. Tangu Mama alifariki, miaka mbili hii, sipendi ukae pekee yako kule Ubundu. Kila mara nakuomba ukuye, unajibu ile ile: "Mimi mvuvi, nitafanya nini kwa mji? Nikae kwa kiti kama gunia?" Bon. Nimepata dawa yako. Ile pori nitaigeuza shamba, shamba yako wewe. Uniambie tu nifanye namna gani, na ikiisha unapanda treni, unakuya. Usikatae, Papa. Silali vizuri juu yako.

Mutoto yako,
Pélagie


Ubundu, tarehe 5 Februari 1956

Pélagie mutoto yangu,

Nimepata barua, nimesoma mara mbili. Nashukuru Mungu juu ya afya yenu. Goti ni goti, inauma, inaacha. Umuambie Colette mafua si kitu, babu yake anasimama ndani ya maji tangu utoto na hajafa.

Juu ya kukuya: sijasema ndiyo, sijasema hapana. Kuvua samaki huko sitaweza, maji ya huko iko na wenyewe. Lakini kama shamba ni ya kweli, tutaona.

Usichome moto ile majani. Kata, acha ilale chini, ioze, udongo ipate kula. Muhogo iende mbali na ukuta, kwenye jua. Pale maji ya kuoga inatokea, panda matembele, utachuma mwaka muzima. Lengalenga usimwage mbegu yote siku moja: leo kidogo, wiki ingine kidogo, usije ukakaa bila mboga. Na Emile asikuachie jembe wewe tu. Yeye karani, sawa, lakini mikono anayo.

Papa yako,
Séverin


Kisangani, tarehe 18 Machi 1956

Papa mupenzi,

Umeamuka muzima? Umekula? Sisi hatuna mabaya.

Tumefanya vile ulisema, yote. Emile amepata malengelenge kwa mikono, anaionyesha kila mutu kazini. Matembele imeshika, muhogo imeshika, lengalenga ya kwanza tumeshaila. Batu banapita njiani banasimama kutazama. Jioni natoka na kiti yangu, nakaa tu pale nyuma, naangalia. Niko na furaha, Papa.

Lakini tangu lini wewe unajua lengalenga? Siku moja Mama alikutuma uchume sombe ya muhogo, ukarudi na majani hata mbuzi ilikataa! Kila kitu ya kijani wewe uliita "majani" tu. Nani amekufundisha?

Sasa tumefika upande ya mpunga. Pori imefunika fasi yote, hatuoni yetu inaishia wapi. Tufanye nini na mupaka? Ukijibu hiyo, kazi imeisha, na sababu zako zimeisha.

Mutoto yako,
Pélagie


Ubundu, tarehe 8 Aprili 1956

Pélagie,

Nawasalimu bote. Mimi muzima, samaki iko mingi wiki hii. Swali ya lengalenga ni utani, sijibu. Mutu anazeeka, anajua vitu.

Mupaka ni rahisi kabisa, hapana haja ya kufikiri. Simamisha miti! Miti mikubwa, mirefu, iingie chini sana, ufunge na kamba za pori. Huku kwetu, pale miti ya babu yako inasimama kwenye mawe katikati ya maji, pale ni petu. Hakuna mvuvi Mugenya mwenzangu atathubutu kutia kikapu yake ya samaki. Mutu akiona miti, ameona mwenyewe. Usiombe mutu ruhusa, usitetemeke.

Na kisha bado kuna mambo ya mitaro ya mvua, nitakuandikia. Shamba haijaisha.

Papa yako,
Séverin


Kisangani, tarehe 6 Mei 1956

Papa!

Nakusalimu kwanza, juu ya heshima, na goti pia naisalimu. Lakini ujue niko na hasira na kicheko pamoja.

Tulisimamisha miti yako. Emile na rafiki zake balichimba Jumapili nzima. Safu ndefu, na kamba, vile ulisema. Kesho yake Papa Abdulhamid alipita, akatazama, hakusalimu. Akapita tena, hakusalimu. Bibi yake alizoea kuniletea muchele kidogo, akaacha. Sokoni nikasikia batu banasema: bale ba nyumba ya karani banakula mashamba ya wenzao. Mimi, Papa! Nililia mbele ya nyanya za batu.

Ni hapo sokoni nilijua: kumbe miti ilikuwa ndani ya shamba yake! Ile kipande aliiacha ipumzike, pori ikaota, nasi tukaifanya yetu. Na kwa batu ba jembe, ukisimamisha kitu ndani ya shamba ya mwenzako bila kumuuliza, umemuambia: toka.

Tulienda kwake na Emile, kuku mukononi. Nikamueleza: papa yangu ni Mugenya, kule kwa maji mutu anajua fasi yake kwa miti tu, ni yeye alinituma. Muzee akatazama kuku, akanitazama mimi. Nikaona tumekwisha. Halafu akacheka, alicheka mpaka kofia ikaanguka! "Kwa hiyo baba yako alitaka kuvua samaki ndani ya mpunga yangu?" Emile aling'oa miti yote, na muzee mwenyewe akatembea nasi, akafungua majani na fimbo, akatuonyesha mupaka: mananasi ya zamani, yalipandwa kwa mustari. Sasa tunasalimiana kupita zamani, na kila siku ananiuliza kama mpunga imetoa samaki.

Shamba iko tayari, Papa. Mitaro Emile amechimba. Lakini useme ukweli: mutu alinipa matembele na lengalenga si yule alinipa miti. Ni nani?

Mutoto yako,
Pélagie


Ubundu, tarehe 3 Juni 1956

Mutoto yangu,

Nakusalimu na haya kwenye uso. Umuombe Papa Abdulhamid anisamehe.

Ni kweli. Miti tu ni yangu. Ile ingine yote ni ya Mama Alphonsine. Ni mujane, analima kule njia ya stesheni. Tunabadilishana, mimi samaki, yeye muhogo. Barua yako ya kwanza nilimusomea, akasema, mimi nikaandika. Wakati uliuliza juu ya mupaka alikuwa amekwenda kwa dada yake, nami niliona haya kukuandikia "sijui". Aliporudi na kusikia habari ya miti alinikemea mbele ya batu.

Pélagie, jioni anakuya, tunakula pamoja. Ananicheka, nami nacheka. Nampenda. Mama yako nampenda vilevile, kwake hakuna kitu ilipungua. Ndiyo maana kila mara nilitafuta kazi ingine ya kukuambia kwa shamba. Niliogopa iishe, uniite, nami nimuache.

Pekee yangu sitakuya. Na bila neno yako sitamuoa. Ndiyo hiyo. Nijibu.

Papa yako,
Séverin


Ubundu, tarehe 19 Agosti 1956

Pélagie,

Muko wazima? Colette yuko muzima? Treni inafika, barua hakuna. Inafika tena, hakuna. Kama umekasirika, andika tu kama umekasirika, nijue uko hai.

Alphonsine anasema nisikusukume. Anasema yeye atabaki kwake, mimi nipande treni nikuye kwako. Nimemuambia hapana. Lakini silali.

Papa yako


Kisangani, tarehe 16 Septemba 1956

Kwa Mama Alphonsine, Ubundu

Mama Alphonsine,

Nakusalimu, hata kama hatujaonana kwa macho. Unaamuka namna gani? Mwili iko na nguvu? Huku sisi bote tuko wazima. Papa atakusomea hii. Papa, usome vile nimeandika, usiruke neno.

Nilikasirika, sitaficha. Niliona kama Mama yangu anafukuzwa kwa nyumba yake. Nikafungia barua ndani ya sanduku, nikaapa sijibu. Lakini kupika napika kila siku. Juzi Emile anakula lengalenga, anakula, anaongeza, halafu anasema: "Huyu mama unamukatalia, na tangu Machi tunakula akili yake." Nilimufukuza mezani! Kisha nikaenda kukaa kule nyuma, nikalia mpaka ikaisha. Miaka hii nilikuwa naona Papa anakula pekee yake, ananyamaza pekee yake. Kumbe alikuwa anacheka. Nikikumbuka hiyo, moyo unatulia. Asante, Mama Alphonsine.

Sasa, upande ya mpunga kuna kipande sijapanda kitu. Papa simuulizi, sababu unaijua. Papa Abdulhamid anasema karanga, bibi yake anasema mahindi, banagombana kila jioni mbele yangu. Nimebaambia bangoje, mwenye shamba anakuya.

Mukuye bote wawili, mvua haijakolea. Emile atawangoja stesheni, atawavusha mto. Chumba ya nyuma nimeipaka chokaa, dirisha yake inaangalia shamba.

Kitu kimoja tu. Siku utashuka, labda nitasema "Mama Alphonsine", na labda kwa muda murefu. Univumilie. Kukuita Mama bila jina, kinywa yangu haijaweza. Acha nijaribu kwanza hapa, kwa karatasi: Mama, karibu kwako.

Mutoto yako,
Pélagie