Jina Nililoliandika Kwenye Kadi ya Kome

Jumapili, Julai 1998. Point, Durban.

Upepo wa kusini umevuma tangu alfajiri na dirisha langu halifungi vizuri, kwa hiyo naandika nikiwa na koti na soksi mbili mbili. Baridi ya huku sisi wageni huidharau mwezi wa tano, ikifika mwezi wa saba inatunyoosha. Ningependa kusema baridi ndiyo inayoninyima usingizi.

Siyo.

Mama Neema yuko mahabusu tangu juzi Ijumaa, na aliyempeleka huko ni mimi. Anayejua ni Mzee Naidoo peke yake, na sasa wewe, shajara.

Nieleze nilivyojiingiza. Siku tano za wiki napanga makopo kwenye kiwanda cha rangi kule Jacobs, ambako hata mkate wa mchana una harufu ya rangi. Jumamosi nilikuwa nalala mpaka adhuhuri, naamka na kichwa kizito. Mwaka jana nikaona tangazo la idara ya serikali inayolinda wanyama na samaki: wanatafuta watu wa kujitolea, wakae ufukweni waandike watu wanavua nini na kiasi gani. Bila malipo. Wenzangu chumbani walicheka mpaka wakakohoa. Hemedi, umevuka nchi ngapi kuja kufanya kazi ya bure? Lakini mimi ni mtu wa Tanga. Nimeona miamba iliyopigwa baruti, chini kumebaki vifusi vitupu. Nilipopewa fulana ya kijani, ubao wa kupimia na penseli, nilijiona mtu.

Nguvu hatuna. Hatukamati mtu wala hatutozi faini, hiyo ni kazi ya maafisa. Sisi tunajaza kadi: mahali, saa, mwanamume au mwanamke, amechukua nini, wangapi. Basi. Chini kabisa kuna nafasi ya "maelezo mengine", ambayo wenzangu huiacha wazi.

Mimi niliijaza mpaka pembeni.

Mzee Naidoo, mwalimu mstaafu anayetuongoza, alisema siku ya kwanza kwamba majina hatuandiki. Nilimsikia. Nilidhani anatuhurumia tusichoke. Sasa nitamwandikaje mama wa watu "mwanamke mmoja, umri wa kati", kana kwamba nahesabu mbuzi mnadani? Kwetu mtu mzima unamwamkia kwanza, unamuuliza amelalaje, watoto hawajambo, nyumbani ni wapi, ndipo unamwomba uione ndoo yake. Ukimaliza hapo mmeshajuana, na kumwacha bila jina ni utovu wa adabu. Ndivyo nilivyolelewa, na nilijivunia. Mzee Naidoo mwenyewe aliwahi kuniambia kadi zangu zina uhai.

Mama Neema nilimkuta mwezi wa tatu, siku ya bamvua, maji yamekupwa mbali, kwenye mawe ya kuzuia mawimbi hapa Point. Mkongo wa Bukavu, kitenge amekifunga juu ya suruali ya mvua, anabandua kome kwa bisibisi. Kwao ni ziwa, kome hakuwajua. Alifundishwa na jirani yake Mzulu. Huwachemsha na kuwauza uani kwa Wakongo wenzake na kwa makuli wa bandarini. Kibali cha kuchuma hana, alipokwenda kukiomba aliambiwa karatasi yake ya ukimbizi haitoshi. Na hata angekipata, ni cha kitoweo cha nyumbani, siyo cha biashara. Haya yote aliniambia mwenyewe, huku akicheka, kwa sababu nilimpa shikamoo. Kwao hawaamkiani hivyo. Nilimfundisha kuitikia marahaba, akaipenda, akawa ananidai kila tukionana.

"Weye uko mutoto ya adabu," aliniambia. "Hapa batu banakupita tu, hata jambo hapana."

Nikaandika. Mama Neema wa Bukavu, jiwe la mwisho, kila bamvua, asubuhi, ndoo mbili. Mwezi wa nne nikaandika tena. Mwezi wa tano pia.

Na sitasema uongo humu: mawe yale yamekwisha. Mwezi wa tatu yalikuwa meusi kwa kome, sasa yana mabaka kama kichwa chenye mapunye. Siyo yeye peke yake aliyeyamaliza, lakini naye yumo. Mara mbili nilimwomba awaache wadogo wakue. Mara zote mbili alinijibu "Sawa, mwana wangu," na mara zote mbili ndoo ilijaa wadogo. Ningefanya nini? Nilijua jikoni kwake hakuna kingine.

Ijumaa bamvua ilirudi, na maafisa nao wakaja. Mimi nilikuwa Jacobs na makopo yangu. Jioni akaja Neema, binti yake anayesuka nywele saluni, macho yamevimba. Alisema juu ya mawe walikuwa kina mama watano. Walipoona sare, wanne walitupa ndoo wakakimbia. Mama yake naye alikuwa ameshainuka. Ndipo afisa mmoja akaita, "Mama Neema!"

Naye akasimama. Akageuka, akaitika.

Neema haelewi walilijua vipi jina. "Kaka Hemedi, weye uko unatumika nabo. Utasaidia maman, si ndiyo?"

Nikamjibu nitajaribu. Nilimjibu huku nikitazama viatu vyake.

Jana nilikwenda kwa Mzee Naidoo. Hakunizungusha. Idara iliona kwenye kadi kwamba kome wa pale wanakwisha, ikazikusanya kadi zote za mahali pale, zikapelekwa kwa wanaokamata. Za wenzangu zilikuwa na idadi tu. Zangu zilikuwa na siku, saa, jiwe na jina. Nikamwomba azirudishe.

"Hemedi, hizo sasa ni za mahakama," alisema. "Mimi na wewe ni watu wa kujitolea. Hata ufunguo wa kabati la faili sinao."

Nilimuuliza kwa nini hakunikataza tena alipoona naandika majina. Akafuta miwani. Akasema alipenda kuzisoma kadi zangu. Nilikwenda nikiwa na hasira ya kumgawia, nikakuta hata hapo haina pa kukaa.

Kisha akaniongezea jingine, kwa moyo mweupe kabisa. Mahakama haina mkalimani wa Kiswahili kesho, kwa hiyo amewapa jina langu. Alidhani ananifariji, nitakuwa karibu na Mama Neema. Nikikataa, kesi itaahirishwa na Mama Neema atabaki ndani, na karatasi yake ya ukimbizi inakwisha mwezi ujao. Lazima aende mwenyewe kuiongezea muda, vinginevyo atakuwa hana kibali cha kukaa nchi hii. Nikiwaambia kadi ni zangu, wataniondoa kwenye ukalimani, na kesi itaahirishwa vilevile. Nimeizungusha kichwani tangu jana kama mtu anayetafuta mlango kwenye ukuta.

Leo nimempelekea blanketi na mkate. Tuliongea kwenye wavu, dakika chache, askari amesimama pembeni akitafuna kucha.

"Humu iko baridi, mwana wangu, lakini miye niko muzima," alisema. "Aba batu si babaya. Baliniita na jina yangu, na heshima, 'Mama'. Nikasema, kama banajua jina yangu, siwezi kukimbia sawa mwizi."

Njia nzima nilikuwa nimeyapanga maneno. Kila robot, ndivyo huku wanavyoita taa za barabarani, ikiwa nyekundu nilisimama na kuyarudia. Mama, ni mimi niliyewaandikia. Maneno manne tu. Nikafungua mdomo, nikasikia sauti yangu inauliza, "Umekula, mama?"

Mimi ni mwoga. Acha liandikwe.

Kinachoniua zaidi ni kadi ya mwezi wa tano. Siku ile alikuwa amekaa kupumzika, miguu ndani ya maji, akaniambia lile jiwe bapa la mwisho linafanana na jiwe la kando ya ziwa kwao, mahali mama yake alipokuwa akifulia nguo. Hajamwambia mtu, hata Neema, maana Neema akisikia Bukavu hulia. Nikaona ni neno zuri. Nikaliandika kwa Kiingereza changu cha kuokoteza, kwenye "maelezo mengine". Nani aliniambia serikali ya watu inataka kujua bibi yake Neema alifulia wapi nguo?

Mdomo huponza kichwa, wanasema wahenga. Kwangu ni kalamu, tena kichwa kilichoponzwa ni cha mwenzangu.

Nimewaza kuuruka mstari ule. Lakini nitaapishwa kutafsiri kila neno, na nikianza kuruka ya kwangu, nani ataniamini nikitafsiri ya kwake? Wataisoma kadi, nami nitamgeukia nimwambie kwa Kiswahili habari ya jiwe la mama yake. Hatahitaji kuuliza ni nani aliyeandika.

Shati nimelipiga pasi, limening'inia mlangoni. Kesi ni saa tatu asubuhi. Watamleta, nitamwambia shikamoo mama, naye kwa furaha ya kuniona ataitikia marahaba, mwana wangu.

Ndiyo itakuwa ya mwisho.