Chafya za Fundi Saa

Tarehe 4 Machi

Dada,

Shikamoo. Kwa masikitiko na taadhima inayostahili, natangaza kwamba msimu wa chafya umefunguliwa rasmi. Ya kwanza ilipigwa leo saa mbili na robo asubuhi, mbele ya mteja na saa yake ya mkononi niliyokuwa nimeifumua mezani. Nyingine kumi na moja zikafuata. Skrubu mbili, kila moja ndogo kuliko punje ya ulezi, hazijulikani zilipo. Mteja alipiga magoti tukatafuta wote, kisha akauliza kama mtaa huu una fundi mwingine.

Miti ya barabarani imechanua. Unga wake uko mezani, kwenye chai, hata kwenye lenzi ninayobana jichoni. Macho yanawasha na kutiririka kama ya mfiwa, na fundi saa asiyeona vizuri ni mlinzi tu wa saa za watu. Wewe uko huko kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, karibu na wanaojua. Niulizie.

Wasalimu shemeji na wapwa zangu. Kwa mengine, mimi mzima.

Mdogo wako

Tarehe 11 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Hatujambo, isipokuwa shemeji yako na mgongo wake, na huo tumeshauzoea kama mpangaji.

Nimemuuliza muuguzi wa kliniki ya pua na masikio, yule ambaye koti lake nalipiga pasi vizuri kuliko ya wenzake kwa ajili ya siku kama hizi. Anasema hiyo ni aleji: haikuachii moja kwa moja, ila inadhibitika. Funga dirisha la karakana asubuhi na siku za upepo. Ukirudi nyumbani vua nguo, oga mpaka nywele, usipande kitandani na unga kichwani. Nguo anika ndani. Pua isafishe kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa. Macho yawekee kitambaa cha maji baridi, na usiyafikiche, nakujua. Vidonge vya aleji meza kila siku, usingoje chafya ikukumbushe.

Halafu kasema nikuulize: ni macho yote mawili, au moja? Aleji kwa kawaida hushika yote. Nijibu hilo.

Dada yako

Tarehe 20 Machi

Dada,

Shikamoo. Nimetii. Dirisha nimefunga, karakana imekuwa tanuri. Nguo naanika chumbani, nalala chini ya suruali zangu kama mwizi aliyejificha. Muuza dawa kwanza alinipa vidonge vya kulegeza; mteja akanikuta nimelalia saa ya ukutani. Ilipogonga saa sita tuliruka wote wawili. Nimebadilishiwa, sasa sisinzii, na chafya zimepungua kweli.

Kuhusu swali lako: kazini mimi ni mtu wa jicho moja. La kulia lina lenzi, la kushoto nalifumba kutwa kama marehemu baba alivyonifundisha. La kulia limetulia. La kushoto ndilo linauma kidogo, na taa ikiwashwa naiona imezungukwa na pete za rangi. Lakini hilo halina kazi, acha lipumzike.

Mdogo wako

Tarehe 25 Machi

Mdogo wangu,

Leo salamu ziwe fupi. Barua yako nilimsomea muuguzi tukikunja mashuka. Nilipofika kwenye pete za rangi aliachia upande wake wa shuka. Hiyo si aleji. Jicho moja, maumivu, rangi kwenye taa: hayo ni mambo ya hospitali siku hiyohiyo. Nimepiga simu dukani kwa jirani yako mara nne, inaita tu. Kama huko hakuna daktari wa macho, panda basi uje, wa hapa atakupokea bila foleni. Usinijibu kwa barua. Njoo.

Dada yako

Tarehe 2 Aprili

Mdogo wangu,

Basi la Ijumaa nimelipokea. La Jumatatu nimelipokea. Makondakta wameanza kuniamkia. Uko wapi?

Dada yako

Tarehe 19 Aprili

Dada,

Shikamoo. Barua zako zote mbili zilifika kwa wakati, usimlaumu mtu wa posta. Nilikuwa na saa tisa za watu mezani, na miti ilikuwa imebakiza wiki mbili tu. Nikajiambia maua yakipukutika, na jicho litapona.

Jumatatu kijivumbi kiliniingia jicho la kulia. Nikalifumba, nikafumbua la kushoto. Nikamwambia mteja, "Umeme umekatika tena."

Akasema, "Fundi, hii ni saa nne asubuhi."

Alinishika mkono mpaka hospitali, wala sikumjua jina. Daktari wa macho akasema ni presha ya macho, akaniuliza lilizima tangu lini. Jicho nalifumba kutwa, dada, ningejuaje? Akasema ningefika ile wiki uliyoniita, pengine. Hakumalizia. La kulia anataka kuliwahi lisifuate mwenzake. Anasema nije na ndugu.

Mpe muuguzi shukrani. Ushauri wake wote umefanya kazi: pua safi, kifua safi, usingizi mzuri. Kwenye kadi daktari ameandika mstari mmoja. Jicho la kushoto halioni.

Mdogo wako