Uso Wangu Kwenye Dirisha la Meikle

Dingwall, 3 Machi 2009

Kwako Struan, mwana wa kaka yangu,

Natumaini hujambo na kile kifua kimepoa. Mimi mzima, ila goti la kushoto linatangaza mvua kabla ya redio. Salamu zimeisha, sasa nisikilize. Ningekupigia simu, lakini simu ungeikata. Barua utaimaliza.

Jana alikuja mzee anaitwa Urquhart, dereva wa basi mstaafu wa Tain. Hata kofia hakuvua. Akatupa kilti juu ya meza yangu ya kukatia, sketi ya kiume ya marinda kama hizi nizishonazo, akauliza, "Mama, hii ni kazi yako?" Nikamwambia sijawahi kuiona. Akasema, "Usinifanye mtoto. Nimekuona Edinburgh, dirishani mwa duka la Meikle, umeketi na sindano na miwani puani. Chini wameandika: Kila kilti yetu hushonwa hivi. Shemeji yangu anakaa hapa Dingwall, ndiye aliyeniambia uso ule ni wa Ishbel Geddes."

Picha uliyonichora kiangazi kilichopita, uliniambia imenunuliwa na mpenda picha. Hukuniambia ni mwenye duka la watalii.

Mzee huyu aliwapelekea kilti ya marehemu baba yake, yadi nane za sufu, waitengeneze ili mwanawe aivae kwenye harusi yake mwezi wa tano. Aliwaachia kwa kuuamini uso wangu. Wamemrudishia kitu cha yadi tano. Yadi tatu zimeyeyuka, na wao wanasema ilikuja hivyo hivyo.

Nataka uso wangu utoke pale. Nimeshona miaka arobaini na moja katika mji huu. Sina mume, sina mtoto wa kuzaa, nina jina tu.

Shangazi yako,
Ishbel


Edinburgh, 12 Machi 2009

Shikamoo Shangazi,

Kifua kimepoa, ahsante, na pole kwa goti. Nimesoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nimeudhika.

Namwonea huruma huyo mzee. Lakini picha ikishauzwa si yangu tena. Mtu akinunua kilti kwako akaenda kuiba ameivaa, polisi watakukamata wewe? Miaka tisa nachora barabara za mji huu zikiwa zimelowa mvua. Nachora malimau kwenye bakuli, samaki juu ya gazeti. Watu wanatazama, wanasema "nzuri," wanaenda zao kunywa chai. Meikle ndiye mtu wa kwanza kuniagiza picha sita kwa mkupuo. Ulinihimiza mwenyewe nitafute mtu wa kuithamini kazi yangu. Nimempata, sasa unataka nikamtukane.

Habari za yadi mimi sizijui. Mimi si fundi.

Mwanao,
Struan


Dingwall, 16 Machi 2009

Struan,

Afya yangu iache kwanza.

Hujui habari za yadi? Wiki sita uliketi mbele yangu ukinichora. Uliyahesabu marinda ya ile kilti mapajani mwangu, ishirini na saba, ukanikatalia nisiinuke kwenda hata chooni mpaka uyapate sawasawa. Leo hujui.

Kilti ya Urquhart nimeifumua. Marinda yameshikwa kwa gundi ya pasi, uzi hakuna. Kiunoni kwa ndani, panapotakiwa kitambaa kigumu cha kubeba uzito, wameweka karatasi. Mistari haikutani popote nyuma, utadhani aliyeipanga alikuwa kafumba macho. Na mishono ya fundi aliyeishona mwaka 1938, Mungu amrehemu, hawakuifumua. Waliikata kwa wembe, na sufu nayo ikakatika. Nilipoona hivyo nilikaa chini nikalia. Nimekutilia kipande ndani ya bahasha ukitazame.

Ungenichora uongo ningekusamehe mapema. Umenichora kweli tupu, kisha ukampa mwongo aisimamishe mbele ya duka lake. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Sikudhani ni wewe.

Usiniandikie tena mpaka uwe umefanya jambo.

Ishbel Geddes


Edinburgh, 21 Aprili 2009

Shikamoo Shangazi,

Natumaini barua hii utaifungua. Mimi mzima wa mwili.

Nilikwenda kwa Meikle nikamwomba aishushe picha. Alicheka. Akasema, "Kijana, watu hawanunui marinda, wananunua yule bibi. Umesahau anayekulisha ni nani?" Nilikuwa nageuka kuondoka nikaona kikapu karibu na pale pa kulipia, kimejaa vibeti vya kuuzia wageni. Nikatoa kile kipande chako mfukoni. Kijani kile kile kilichochujuka, mstari ule ule wa manjano. Vilivyoshonwa kwa sufu hiyo vilikuwa kumi na vinne. Nimevinunua vyote, vimo kwenye kifurushi hiki.

Kesho yake nikasimamisha turubai langu ng'ambo ya barabara, nikaanza kulichora duka. Nilichora dirisha, wewe ndani ya fremu, maandishi chini yako, kikapu, na Meikle mlangoni. Unajua mtu akichora barabarani kila mpita njia hujiona ana haki ya kuuliza. Waliuliza, nikawajibu. Siku ya tatu Urquhart naye akaja, nilikuwa nimemwandikia, akasimama kando yangu na koti lake la udereva akiwahadithia habari za baba yake. Meikle akaita polisi. Polisi akaitazama picha kwa muda, akasema haoni kosa ndani yake, ila Meikle amepunguzwa tumbo.

Siku ya nne Meikle alikushusha dirishani. Agizo la picha sita kalifuta pia, na maduka mengine ya mtaa ule yameambiwa habari zangu.

Shangazi, nilijua. Wiki ya kwanza tu nilipita pale nikayasoma yale maandishi, nikavuka barabara nisiyaone. Naona haya kukuandikia, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nisamehe.

Mwanao,
Struan


Dingwall, 18 Mei 2009

Kwako Struan, mwanangu,

Nashukuru u mzima. Goti limetulia kidogo, na kula nakula. Nimekusamehe. Hilo nimelitanguliza usije ukaruka mistari ukilitafuta.

Vibeti nimevifumua vyote. Vipande ni vidogo, havifai kwa marinda, basi nimevishonea kwa ndani kiunoni. Kwa zile yadi tano nimerudia marinda mapana ya kizamani, yasiyokula kitambaa kingi. Imetoka nzuri.

Urquhart alikuja kuichukua na mwanawe. Alivaa miwani, akaigeuza ndani nje mezani, akaanza kukagua mshono mmoja mmoja, akiuvuta kwa ukucha. Miaka arobaini na moja hakuna mtu aliyewahi kuigeuza kazi yangu mbele yangu. Mwanawe aliona aibu, akasema, "Baba, acha basi." Nikamwambia amwache. Nilisimama na mikono ndani ya aproni mpaka alipofika mwisho. Kisha akaikunja, akanishukuru vizuri tu, wakaenda.

Sikumkasirikia. Nilikukasirikia wewe, upya, kana kwamba sikuwa nimekusamehe asubuhi ile ile. Nadhani nitakuwa nikikusamehe hivyo kwa muda.

Tangu hapo wamekuja wateja wawili, watu wa mji huu huu, nao wameigeuza kazi yangu. Siku hizi kazi ikiisha naigeuza mwenyewe, naiweka karibu na dirisha penye mwanga, kabla hawajaomba.

Shangazi yako,
Ishbel